Keria iliyokatika Kitonga, na muuzaji aliyemtaka "shemeji"

Naandika hasira ikiwa bado ya moto, na sina nia ya kusubiri ipoe, maana ikipoa nitaanza kuwahurumia.

Kuna duka Dar es Salaam, jina sitalitaja, linauza vifaa vya safari za pikipiki. Picha zao mtandaoni mmeziona: pikipiki imepaki juu ya mlima, hema limesimamishwa pembeni, mabegi yanang'aa. Nilinunua kwao mabegi mawili ya pembeni pamoja na keria yake, yaani fremu ya chuma ya kuyashikilia, na nikawalipa hela ya juu wafunge wao wenyewe, ili kesho mtu asije akaniambia fundi wangu wa mtaani ndiye aliyeharibu. Nikawaeleza ninakokwenda: Dar mpaka Matema, ziwani Nyasa, kwa kupitia Iringa na Mbeya, nikilala kwenye hema njia nzima. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii hata Lubumbashi unafika."

Keria yake haikumaliza hata mlima wa Kitonga.

Anayeijua ile barabara anajua maana ya maneno hayo. Ukishatoka Ruaha Mbuyuni, ukaliacha bonde la mibuyu, unaanza kupanda kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia namba moja, mengine yanashuka yananuka breki. Pembeni hakuna nafasi ya kusimama kwa raha. Hapo ndipo niliposikia mlio mmoja mkavu nyuma yangu upande wa kulia, pikipiki ikavuta kwenda upande huo, na kabla sijapata pa kuegesha ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Begi la kulia lilikuwa limelalia eksozi. Ndani ya begi hilo lilikuwamo hema.

Nimshukuru utingo mmoja wa lori lililokuwa limeharibikia juu kidogo ya pale. Alinisogezea yale matawi waliyokuwa wameyatandaza barabarani ili yanikinge na mimi, akalivuta begi kwa mikono mitupu, akanifungia kila kitu kwa mpira wa tyubu nzee ili nijikokote mpaka Ilula. Hakutaka hata soda.

Nikiwa bado palepale nililishika lile bomba la keria na kuliangalia pale lilipokatikia. Pale panapotakiwa mchomeleo uzunguke bomba zima palikuwa na vitone viwili tu, kila kimoja kama punje ya mbaazi, kimoja juu na kimoja chini. Halafu wakapuliza rangi nyeusi nzuri ikafunika yote. Kwa macho huwezi kujua. Mimi niliikagua dukani, nikaitikisa, nikaikalia. Ile rangi ilipigwa ili mteja asijue.

Nikawapigia simu. Mtandao ulikuwepo, muuzaji akapokea. Nikamweleza nilipo na kilichotokea. Hakuuliza kama nimeumia. Alichouliza ni, "Dada, kwani umebeba nini huko?"

Nikamjibu, kwa sababu nilikuwa na jibu. Mimi napanga mzigo kwa mizani, si kwa kukadiria. Duka lenyewe lilisema kila upande ubebe kilo 10, na usiku wa kuamkia safari nilipima kila begi na hakuna lililofika hapo. Begi la kushoto lilikuwa na nguo, mfuko wa kulalia, sufuria na mchele. La kulia hema na turubai. Vitu vizito kwa udogo wake, yaani spana, pampu ya mkono, tyubu ya akiba, viraka na solusheni, sikuviweka kwenye mabegi yao kabisa. Vilikuwa kwenye kimfuko nilichokifunga chini mbele, karibu na injini. Maji lita tano yalikuwa juu ya kiti, yamenigusa mgongo. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inacheza, na kwenye mlima kama Kitonga ndiyo mbaya zaidi. Mkazo wa shoki za nyuma niliongeza, na upepo wa tairi la nyuma niliongeza. Chakula sikubeba cha kunilemea, maana barabara ile ni soko: vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, mahindi ya kuchoma kila unaposimama. Hata jiko langu linatumia petroli ileile ya kwenye tangi, nisihangaike na mitungi ya gesi.

Nilimwambia yote hayo nikiwa nimesimama ukingoni mwa korongo, malori yananipita karibu na bega. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa mama, lakini pikipiki si lori." Akakata.

Nikimpigia tena hapokei.

Ilula kuna fundi wa kuchomelea, kibanda chake kiko kando ya barabara, sikuuliza jina lake na ninajuta. Mzee wa makamo. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akainama akalitazama lile bomba, akakwangua rangi kwa msumeno wa chuma, akasema taratibu, "Dada yangu, hapa hawakuchomelea. Hapa wamegusisha." Kisha, kabla hajashika chochote, akafungua kifuniko cha pembeni akachomoa waya za betri. Akanieleza kwamba ukichomelea chuma cha pikipiki bila kuchomoa betri unaweza kuunguza mfumo wa umeme. Nikamuuliza maswali mengine, akajibu yote huku mikono inafanya kazi. Akasaga kutu na rangi mpaka chuma kikawa cheupe, akachomelea mzunguko mzima. Kisha akarudi upande wa kushoto, ambao ulikuwa haujakatika, akaukwangua na wenyewe. Vitone viwili.

Halafu akanionyesha kosa la pili ambalo ndilo kubwa. Keria ile haikuwa na chuma cha kuunganisha kulia na kushoto. Kila upande ulining'inia peke yake kwenye chesisi, na kila pikipiki inapoguswa na tuta kila upande unacheza kivyake. Na kutoka Dar mpaka pale matuta ni mangapi? Kile kipande kinachokatiza hifadhi ya Mikumi tu, kilomita kama 50, kina matuta ya kuwalinda wanyama yanayotosha kuua keria yoyote iliyogusishwa. Mzee akakata flatibaa, kipande cha chuma bapa, akaipinda, akaipitisha nyuma ya kibao cha namba, akaziunganisha pande mbili zikawa kitu kimoja. Mwisho akachomelea kijiti cha kulizuia begi la kulia lisiweze kulifikia eksozi hata likilegea. Yote hayo kwa shilingi 15,000, na nusu ya hiyo nilimlazimisha aipokee.

Keria hiyo ya Ilula ilinipeleka Iringa, Mafinga, Makambako penye upepo wa kukuangusha, Mbeya, ikashuka nami Tukuyu mpaka Kyela, Ipinda na Matema, na ikanirudisha Dar. Haikulegea hata nati.

Sasa niseme haki, maana nilianza kwa kutaka kuandika "msinunue chochote pale" na bado sijaamua kama ninayafuta maneno hayo. Begi la kushoto, lile ambalo halikuungua, ni begi zuri. Mnajua mvua ya Tukuyu. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, na siku ninayoteremka ilininyeshea tangu juu mpaka karibu na Kyela, mvua ya ubavuni, ile inayoingia mpaka kwenye buti. Nilipofungua begi nilikuta mfuko wa kulalia mkavu na mchele mkavu. Mkunjo wa mdomo wake umebuniwa na mtu aliyewahi kunyeshewa. Mikanda yake haikatiki, vifungo vyake vinafunguka hata ukiwa na glavu zilizolowa. Kwa begi peke yake ningetoa nyota nne, labda tano. Ukilitaka begi hilo, ulichukue bila keria, umpelekee fundi unayemwamini, simama juu yake akichomelea, umkataze kupiga rangi mpaka umeuona mchomeleo wote.

Na ningeishia hapo, kwa nyota zao nne, kama nisingerudi dukani.

Nilirudi. Nilibeba lile begi lililoungua, nikabeba hema lenye tundu la kupitisha ngumi, lile ambalo Matema nililala ndani yake nikiwa nimeliziba kwa gundi ya utepe ndani na nje, na bado mbu wa ziwani walipata njia, na alfajiri upepo ulipotoka milima ya Livingstone utepe ukabanduka ukawa unapigapiga juu ya uso wangu. Nilikuwa na risiti. Nilikuwa na kipande cha bomba chenye vile vitone, mzee wa Ilula alinikatia nije nacho. Nikaviweka juu ya kaunta, kimoja kimoja.

Muuzaji hakukitazama kile kipande. Alinitazama mimi, akamtazama mwenzake, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji yuko wapi? Mwambie aje, tutaelewana naye."

Nikamwambia keria ni yangu, pikipiki ni yangu, risiti ina jina langu. Akatabasamu. "Nimeelewa dada, lakini haya mambo ya mafundi, mlete shemeji tuongee." Mwenzake akaongeza kwamba dhamana yao haihusu matumizi mabaya. Nikamuuliza matumizi mabaya ni yapi, kubeba hema kwenye begi la hema? Kupita barabara kuu ya lami? Hakujibu. Akaingia mteja mwingine, mwanaume, anauliza mabegi yaleyale, na wote wawili wakaniacha nimesimama na bomba langu wakamfuata yeye, wakaanza: "Kaka, hii hata Lubumbashi unafika."

Nilimwonyesha yule kaka kile kipande. Alikitazama muda mrefu, akaondoka bila kununua. Sijutii, na nitafanya hivyo tena.

Basi nyota zile nne nazirudisha. Begi lisiloingia maji halinisaidii kitu ikiwa anayeniuzia ananiona mimi ni mjumbe wa mume. Wanawake wanaoendesha pikipiki safari ndefu nchi hii tupo, tunajaza mafuta kwa hela zetu, tunaziba pancha kwa mikono yetu, na tunajua kilo ngapi zimo kwenye kila begi kuliko watu wanaotuuzia. Njiani kote, kuanzia utingo wa Kitonga mpaka mzee wa Ilula mpaka kijana wa sheli pale Uyole aliyenisaidia kukaza cheni, hakuna hata mmoja aliyeniuliza shemeji yuko wapi. Waliniuliza pikipiki ina shida gani. Swali la shemeji lilisubiri mpaka nilipoingia kwenye duka lenye kiyoyozi.

Unayejiandaa kusafiri, chukua haya. Usikubali keria ambayo pande zake mbili hazijaunganishwa nyuma. Usikubali rangi kabla ya kuona mchomeleo. Hema usiliweke upande wa eksozi hata kama umehakikishiwa, liweke juu ya kiti, maana begi likiungua na nguo utavaa ulichonacho, lakini likiungua na hema huna pa kulala. Jaza mabegi yote siku kadhaa kabla ya safari, uende nayo Bagamoyo urudi, halafu kagua kila nati na kila kiungo kwa kidole. Na fundi akianza kuchomelea bila kuchomoa betri, mwambie asimame.

Na ninyi wa dukani, najua mnasoma maoni ya wateja, maana yale ya sifa mnayajibu kwa vikopa. Sitaki punguzo. Sitaki begi jingine. Nataka hela ya hema na ile 15,000 ya Ilula, na nitakuja kuichukua mwenyewe.