Ubingwa wa dunia wa vishale: nilidhani ntasinzia, wapi!

Jamani mi nlijua vishale (darts) ni mchezo wa kupotezea muda baa tu, sasa nikaangalia ubingwa wa dunia wa PDC (shirika la vishale vya kulipwa) ule wa 2025 pale Alexandra Palace London, aisee nimekoma. Unaanza na pointi 501 unashusha mpaka sifuri kamili na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni, au kitovu cha ubao, hapo ndo utaona mtu mzima mkono unamtetemeka, na ubao uko mita 2.37 tu lakini utadhani uko ng'ambo ya mto. Fainali Luke Littler, dogo wa miaka 17 (kumi na saba!!), kamkalisha Michael van Gerwen, bingwa mara tatu huyo, seti 7 kwa 3, yani alishampiga 4-0 kabla mzee hajapumua.

Mashabiki nao burudani tosha, wamevaa vinyago vya kila aina, ikitoka 180 (alama za juu kabisa kwa vishale vitatu) ukumbi mzima juu. Nyota 4, ile moja nimekata sababu ya miluzi mtu akiwa analenga dabo, huo si ushabiki, ni roho mbaya.