Jenereta ya msimbo nimeipenda, kampuni ya malipo imenitibua

Kuna kampuni inayopitisha malipo ya simu, jina lake naliacha, imenitia hasira ambazo hazijashuka mpaka sasa. Lakini haki ya mtu mpe. Maelezo ya API yao, yaani njia ya programu nyingine kuzungumza na mfumo wao, wameyaandika kwa OpenAPI, mtindo maalumu wa kuelezea API, ule uliokuwa ukiitwa Swagger. Nikalipitisha faili lao kwenye jenereta ya bure, yaani programu inayokuandikia msimbo, na chai haijapoa nikawa na msimbo wote wa TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript: kila ombi, kila jibu, kila aina ya data. Kazi hii nimeifanya kwa mkono miaka, najua inavyochosha. Nilifurahi sana.

Mteja wangu ni mama wa Ngamiani, hapa Tanga. Ananunua machungwa Muheza na kuwalipa wakulima kwa simu. Msimu ulipochanganya, mambo yakaharibika. Pesa inakwenda, lakini mfumo ukiulizia hali ya muamala, seva yao inajibu kwamba muamala haupo. Karani akiona haupo, analipa upya. Mama akanipigia: "Mwanangu, mzee wa watu kanipigia mwenyewe, anasema hela imeingia mara mbili. Je, waliokaa kimya ni wangapi?"

Sikuwa na la kumjibu.

Nikaifungua orodha ya miamala kwenye tovuti ya kampuni, nikailinganisha na ya kwetu. Kwao namba inaishia 67, kwetu ileile inaishia 00. Inayofuata, 00. Inayofuata, 00. Namba yao ya muamala ina tarakimu 18, na kwenye faili wameitangaza kuwa int64, yaani namba nzima ndefu ya biti 64. Jenereta ikatii, ikaandika number, aina ya kawaida ya namba. Sasa number ya JavaScript ikishavuka 9007199254740991, tarakimu za mwisho si za kuaminika tena. Mfumo wetu ulikuwa ukiulizia namba iliyoharibika, ndiyo maana muamala ukaonekana haupo. Na jambo hili si geni! Twitter walikutana nalo tangu 2010, wakaongeza id_str, yaani namba ileile ikitumwa kama maandishi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaeleza taratibu, nikataja mpaka mifano. Kijana aliyepokea akanikatiza: "Kaka, wenzako wote wanatumia na hawalalamiki. Tafuta fundi anayejua." Mimi, niliyemwonyesha kosa lao lilipo, ndiye wa kutafutiwa fundi! Nilichoomba ni alama za kunukuu tu kuizunguka ile namba. Kulirekebisha faili upande wangu peke yake hakusaidii kitu, kwa sababu majibu yao huja kwa JSON, muundo wa maandishi wa kubebea data, na JSON.parse, kisomaji chake cha ndani ya JavaScript, inaiharibu namba kabla msimbo wangu haujaiona. Akasema "tutalifanyia kazi," akakata. Hadi leo kimya.

Nimelazimika kuchomeka kisomaji kingine cha JSON kinachotunza namba ndefu, na sasa hesabu zinalingana. Hela ya mama iliyolipwa mara mbili, hakuna aliyeirudisha zaidi ya yule mzee.

Jenereta naipa nyota tano. Hapana, nne: ilipokutana na int64 ingenionya, haikusema neno. Hata hivyo sirudi kuandika kwa mkono. Kampuni nayo nilikuwa naipa tatu, maana pesa zao zinafika haraka kwelikweli na makato yao si mabaya. Lakini kila nikilikumbuka lile "tafuta fundi" damu inachemka. Moja, na hiyo moja ni ya kasi tu. Nikipata kampuni nyingine inayotuma namba ya muamala kama maandishi, mama anahama siku hiyohiyo.