Regulata ya kwanza: kwa nini nilichukua pistoni ya kawaida

Maji ya Unguja hayashuki sana chini ya nyuzi 25 hata Agosti, kusi ikiwa imeshika. Hilo peke yake lilinifutia nusu ya orodha ya regulata (kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka mtungini) nilizokuwa nikizitolea macho, maana nyingi za bei kali unalipia zisigande kwenye maziwa ya Ulaya. Mimi nazamia Mnemba, Misali nikibahatika, na nikienda kusalimia ndugu Kenya napitia Diani. Barafu ya nini?

Nikachukua Scubapro MK2 EVO yenye hatua ya pili, ile inayokaa mdomoni, ya R095, pamoja na oktopasi yake ya njano, yaani hatua ya pili ya akiba ya kumpa mwenzako. Ni ya ngazi ya mwanzo, kundi moja na Cressi AC2 au Mares 2S: pistoni ya kawaida, isiyosawazishwa, vipuri vichache. Wauzaji wakifika hapo kwenye "isiyosawazishwa" hukunja uso na kukusogeza kwenye ya bei mara mbili.

Mambo yenyewe yako hivi. Kazi ya hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, ni kuteremsha presha hadi kama bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Kwenye isiyosawazishwa, mtungi ukiwa na bar 200, hewa yenyewe inasaidia kuisukuma vali ifunguke. Hewa ikipungua, na msaada ule unapungua, kwa hiyo pumzi inakuwa nzito kidogo. Iliyosawazishwa haina habari na mtungi umebaki na ngapi. Kwenye mita 18, mtungi ukiwa bado na hewa ya kutosha, sijaona tofauti yoyote na zile za bei nilizowahi kuazima. Naanza kuisikia geji ikikaribia 50, hasa nikiwa nimetoka kupambana na mkondo, na wakati huo natakiwa niwe nimeshaanza kupanda. Sioni la kulalamikia hapo.

Lakini aliyeamua ununuzi ni fundi. Kabla sijamtumia shemeji yangu wa Dubai hela, nilimpelekea picha za regulata tatu mzee anayetufanyia sarvisi hapa kisiwani. Hakuniuliza hata inavutaje. "Mwanangu, hii oringi zake, pete hizi za mpira, ninazo," akavuta droo. "Hii nitaagiza nje, utasubiri. Hii nyingine sina hata kifaa cha kuifungulia." Nikanunua ile ya droo. Watengenezaji wengi wanataka regulata ifanyiwe sarvisi kila mwaka au miwili, au kila mizamio 100 hivi, na kwa chumvi na mchanga wa huku sikushauri uchelewe. Regulata ya kifahari inayosubiri vipuri kutoka ng'ambo inakaa kabatini miezi, na wewe unarudi kukodi vilevile.

Nilikaa naye siku ya sarvisi akiifungua hatua ya kwanza. Mwili, springi, pistoni yenyewe, oringi, na kichujio kidogo pale hewa inapoingilia. Karibu basi. Kichujio hicho ndicho alichonifundisha kukitazama kabla ya kingine chochote, hasa ukinunua mkononi kwa mtu. Kikiwa king'avu, sawa. Kikiwa kijani, maji ya bahari yameshaingia ndani. Wekundu wa kutu unatoka kwenye mtungi wa chuma, na weusi maana yake kuna kompresa iliyoachiwa vichujio vyake vikachoka. Jaribio jingine halitaki hata mtungi: weka kifuniko cha vumbi, tia mpira mdomoni, vuta. Ikikataa kabisa, vizuri. Hewa ikipita, kuna mahali panavuja, aghalabu kiwambo cha hatua ya pili au vali ya kutolea pumzi. Muuzaji anayekuzuia kufanya hivyo, muage.

Yoki au DIN? Hizo ni njia mbili za kuifunga regulata kwenye mtungi: yoki inaubana kwa nje, DIN inaingia kwa nyuzi za skrubu. Ulaya wanapenda DIN, Marekani yoki, na vituo vya huku vinapokea wageni wa pande zote, hivyo mitungi mingi niliyokutana nayo ina kile kipande cha kati kinachotoka kwa ufunguo wa Allen, ukikitoa unafunga DIN, ukikiacha unafunga yoki. Nimechukua DIN. Inafungwa kwa kuzungushwa na oringi inabaki imebanwa ndani, na kwenye boti inayoyumba, mitungi ikigongana, moyo wangu unatulia zaidi. Adapta ya yoki naiweka mfukoni mwa begi kwa siku nitakayokuta mtungi wa aina nyingine.

R095 haina kitasa cha kurekebisha uzito wa pumzi. Sijakihitaji. Hatua ya kwanza nayo haina kichwa kinachozunguka, kwa hiyo mpangilio wa mipira ya hewa upangeni na fundi kabla hajakaza, la sivyo mmoja utakukaa vibaya shingoni. Mpira wa mdomoni niliubadilisha mapema, nikaweka laini zaidi. Hiyo ni taya yangu, si lazima iwe yako.

Nani asiichukue? Mwenye mpango wa kushuka mita 30 mara kwa mara, Leven Bank, mwamba wa chini ya bahari kaskazini mwa Unguja, na mikondo yake, au anayefanya kazi ya divemasta, kiongozi wa wazamiaji. Huyu kuna siku atampa oktopasi mgeni aliyepagawa, mtungi ukiwa robo. Watu wawili wanaovuta kwa pupa kwenye hatua moja ya kwanza isiyosawazishwa, hapo ndipo tofauti ya bei inapojitetea. Aongeze hela achukue diaframu iliyosawazishwa, yenye utando badala ya pistoni, Cressi MC9 au MK11 ya hao hao Scubapro. Mwenye cheti kipya anayezamia wikiendi na likizo, hela hiyo ya ziada bora anunue kompyuta ya kuzamia, ile inayokuhesabia kina na muda.

Matunzo ndiyo yanayotaka nidhamu. Kwenye pistoni ya aina hii maji ya bahari yanaingia hadi kwenye springi, ndivyo ilivyoundwa, kwa hivyo kuisuuza harakaharaka kwenye bomba hakutoshi. Nikifika nyumbani nakausha kifuniko cha vumbi, nakifunga vizuri, kisha naiacha seti nzima kwenye ndoo ya maji baridi ambayo si ya chumvi mpaka nimalize kula. Kitufe cha mbele cha hatua ya pili sikibonyezi ikiwa ndani ya ndoo bila mtungi, kwa sababu kinafungua njia ya maji kupanda hadi kwenye mpira wa hewa. Halafu kivulini, si juani, na mipira isikunjwe kwa nguvu. Wenzangu wengi wanaiacha kwenye begi mpaka kesho yake, chumvi ikaganda, kisha wanamlaumu aliyeitengeneza.