Great Circle Mapper: ninavyoitumia kupima safari za wageni kutoka KIA

Naandaa safari za wageni hapa Arusha, na mara nyingi swali linaloingia WhatsApp kabla hata ya bei ya Serengeti ni hili: nipitie wapi ili nisizunguke sana? Kulijibu natumia tovuti ya Great Circle Mapper, inayochora njia fupi zaidi juu ya tufe la dunia kati ya viwanja vya ndege na kuonyesha umbali wake. Ni ya bure, na hailazimu kufungua akaunti.

Unaandika misimbo ya viwanja, yaani zile herufi tatu za kila kiwanja cha ndege, na kistari katikati, basi. Ila kwa sisi wa huku: usiandike KIA. Ndivyo tunavyokiita kiwanja chetu cha Kilimanjaro, lakini kwenye misimbo ya dunia KIA ni kiwanja cha Papua New Guinea. Chetu ni JRO, na kile kidogo cha Kisongo ni ARK. Hakikisha pia umechagua kilomita, kwani kuna maili za kawaida na maili za baharini, ambazo moja ni km 1.852.

Kilichonifanya niipende ni mgeni mmoja wa Seattle. Niliandika JRO-AMS-SEA, nikaweka koma, JRO-DOH-SEA, koma tena, JRO-SEA (AMS ni Amsterdam, DOH ni Doha, SEA ni Seattle). Mstari wa moja kwa moja, ambao hakuna ndege ya abiria inayouruka, ni km 14,750 hivi. Kupitia Amsterdam ni kama 6,900, kisha kama 7,850. Jumlisha mwenyewe: tofauti na ule wa moja kwa moja ni kilomita chache tu! Yaani Amsterdam imekaa karibu kabisa juu ya njia. Doha inaongeza kama km 700, wakati mgeni aliamini ndiyo ya mkato kwa sababu kipande cha kwanza ni kifupi, km 3,500 na ushee.

Ramani ndiyo iliyombishia zaidi. Kutoka Amsterdam mstari unapanda hadi juu ya Greenland ndipo ushuke Seattle. Akaniuliza kwa nini nampeleka kwenye barafu. Nilimwambia achukue uzi auvute juu ya tufe la shuleni kati ya miji hiyo miwili, auone unapopita.

Usiitegemee kwa saa za safari. Gawanya 6,900 kwa mwendo wa km 900 kwa saa, unapata saa saba na dakika arobaini, ilhali ratiba ya ndege kati ya Amsterdam na KIA husoma saa nane na zaidi. Kuna kupaa, kutua, upepo, na anga zinazofungwa. Mstari huo huo unakatiza Sudan. Vita vilipoanza Aprili 2023 anga yake ikafungwa, ndege zikalazimika kuzunguka. Kwenye tovuti namba haikubadilika.

Bei za tiketi nazo hazimo. Yule wa Seattle, baada ya hesabu zote hizo, alikata ya Doha. Ilikuwa nafuu.