Marhamu ya kalsipotrioli kwa soriasisi: uzoefu wangu

Kwenye viwiko na magoti imenifaa sana, kichwani nafuu ni kidogo, usoni haifai kabisa kwa sababu inachoma. Nazungumzia marhamu ya kalsipotrioli, mikrogramu 50 kwa kila gramu, dawa ya kupaka yenye asili ya vitamini D, ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba. Ninauza vitenge Kasese, magharibi mwa Uganda, na ukimnyooshea mteja chenji huku kiwiko kimejaa magamba, anadhani ni choa na anarudi nyuma. Soriasisi haiambukizi, lakini nani ana muda wa kumweleza kila mtu?

Daktari wa ngozi aliyeniandikia dawa hii Kampala alinieleza inavyofanya kazi. Katika ngozi yenye afya, seli huzaliwa chini, zikapanda polepole huku zikikomaa, na baada ya takriban mwezi mmoja hubanduka bila mwenyewe kujua. Kwenye soriasisi safari hiyo huchukua siku chache tu, hivyo seli hufika juu zikiwa bado changa na kurundikana. Kitu kimoja kinachoiamuru seli iache kugawanyika na ianze kukomaa ni kalsiamu. Kwa kawaida huwa kidogo kule chini na huongezeka kadiri unavyokaribia juu. Kwenye baka la soriasisi mpangilio huo umevurugika. Kalsipotrioli hushika kipokezi cha vitamini D ndani ya seli, ikapunguza kasi ya kuzaana na kuisukuma ikomae.

Shangazi aliposikia neno kalsiamu akaniletea mukene, yaani dagaa, mfuko mzima, na jirani akanishauri ninunue vidonge. Mukene nimewala, watamu, na mifupa inawahitaji. Lakini mwili hauachi kalsiamu ya damu ipande ovyo, na vidonge havitengenezi kilichoharibika ndani ya baka. Kesi tofauti ni mtu ambaye kalsiamu ya damu yake imeshuka mno: huyo anaweza kulipukiwa na soriasisi ya vipele vya usaha, na anahitaji hospitali na vipimo, si ushauri wa sokoni.

Napaka asubuhi na jioni. Mwanzoni iliwasha kidogo, kisha magamba yakalainika, halafu unene ukapungua. Baka kwenye ngozi yetu nyeusi huelekea zambarau au kijivu, si wekundu wa kwenye picha, na likipoa huacha doa linalokawia kufifia. Doa si ugonjwa. Usiendelee kulipaka dawa ukidhani hujapona.

Nikilinganisha na krimu kali za steroidi zinazouzwa holela, hata kwa wanaojichubua, hizo hufanya kazi haraka zaidi. Ila zikitumiwa muda mrefu hukondesha ngozi, na ukiziacha ghafla soriasisi inaweza kurudi kwa hasira. Kalsipotrioli haikondeshi ngozi. Ipo pia iliyochanganywa na betamethasoni, ambayo ni steroidi, ya kupaka mara moja kwa siku, lakini hiyo ni ya muda aliopanga daktari.

Duka moja la dawa lilitaka kuniuzia na mafuta ya asidi ya salisiliki nipake pamoja. Kataa: asidi hiyo inaiua nguvu kalsipotrioli. Usipite gramu 100 kwa wiki kwa mtu mzima, maana ikizidi inaweza kupandisha kalsiamu ya damu. Na nawa mikono ukimaliza, usije ukajishika uso.

Tatizo ni pesa. Hapa Kasese sijaipata, naagiza Kampala inaletwa na basi, na tyubu ya gramu 30 haichukui muda kuisha. Kwa hiyo naipaka kwenye mabaka sugu tu, kwingine napaka Vaseline baada ya kuoga. Pia marhamu hii ina mafuta mengi, ikigusa kitenge inaacha alama, nami siwezi kumuuzia mtu kitenge chenye alama. Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya bei.