Mgahawa wa Barabara ya 12: sukari unajipimia mwenyewe

Kwa wakazi wa Tanga wanaotaka kupunguza mwili bila kuacha kunywa chai ya mgahawani, upo mgahawa mdogo Ngamiani, Barabara ya 12. Hauna kibao. Utaujua kwa mabenchi ya buluu na jiko la mkaa barazani. Wanaouendesha ni mama wa makamo na binti yake.

Nauandikia kwa sababu moja kubwa: chai yao haitiwi sukari jikoni. Kwingine huku mjini chai ya maziwa inapikwa na sukari yake tangu alfajiri na kumiminwa kwenye chupa. Ukiomba isiyo na sukari unaambiwa ipo ya rangi, tena usubiri maji yachemke. Hapa birika la maziwa na la rangi yote hayana sukari, na kopo la sukari liko mezani na kijiko kidogo. Mara ya kwanza nilipoonja nilikunja uso, na yule mama akaniambia, "Sukari hiyo hapo mwanangu, jipimie."

Kujipimia huko ndiko kulikonisaidia. Nilizoea vijiko vitatu kwa kikombe, na fundi cherehani kama mimi anayekaa kwenye mashine kutwa hakosi vikombe vinne. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari, na bado hujala kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, kama gramu 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyo, na juisi pia, hata ile uliyoikamua mwenyewe. Basi nikashuka kijiko kimoja, nikakaa hapo mpaka ulimi ukazoea, nikashuka tena. Leo nakunywa ya maziwa bila sukari kabisa na ninaifurahia, maana wanaipika polepole kwa tangawizi mbichi, hiliki na mdalasini, na maziwa yana utamu wake wa asili. Kikombe ni shilingi 1,000 na kinajaa.

Kitafunwa changu ni muhogo wa kuchemsha na mbaazi za nazi. Mbaazi zao ni nzito, zimeiva zikalainika, na pilipili mbuzi inanukia bila kukuunguza. Ukila hizo saa mbili, mpaka adhuhuri hutafuti kitu cha kutafuna. Ila msidhani muhogo na nazi ni vyepesi. Ukila sahani mbili mwili hautapungua hata kama chai ni chungu. Mimi naagiza nusu sahani, na hawanuni.

Mchana wana rosela baridi, imechemshwa na ganda la chungwa, nayo pia haina sukari. Ni kali kidogo, lakini kwa joto la Tanga inakata kiu kweli. Tangu niifahamu sijagusa soda. Soda ya kola ina kiasi cha gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ndogo ya mililita 350 peke yake inakupitisha kile kipimo cha gramu 25.

Kiuno changu nakipima kwa futi yangu ya kazini: tangu Ramadhani kimetoka inchi 41 hadi 38, na gauni langu la Idi nimelibana pande zote mbili. Nyumbani nako nimepunguza, sitaki kuupa mgahawa sifa zote. Lakini asubuhi ndipo mimi nilipokuwa nikila sukari nyingi kuliko wakati wowote, na asubuhi niko hapo.

Mapungufu yapo. Mandazi yao ni matamu mno, na juisi ya embe ya Ijumaa inakuja imeshatiwa sukari, wakati embe dodo haihitaji kuongezwa chochote. Nimemwomba binti aijaribu bila sukari, akasema atamwambia mama. Wateja tukiomba wengi watatusikia, kwa hiyo ukienda nawe omba.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kukata sukari ghafla, kwa sababu dozi ile ile inaweza kuishusha sukari yake ya damu kupita kiasi.

Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi. Mbaazi huisha kabla ya saa nne, na wenye kuchelewa hubakiwa na mandazi, kwa hiyo wahini.