Haidromita ya betri: uzoefu wangu wa miezi minane

Gari lilianza kunisumbua asubuhi. Napiga stata, inazunguka kwa uvivu, mara ya tatu ndiyo inawaka. Fundi mmoja akaangalia betri kwa macho tu na kutoa hukumu: imekufa, nunua nyingine. Betri yenyewe ilikuwa na miaka miwili na ushee. Sikubishana naye, ila kabla ya kutoa hela nyingi nikatoa kidogo nikanunua haidromita: bomba la kioo lenye mpira wa kubinya juu na boya ndani, la kunyonya maji ya betri na kupima uzito wake.

Voltimita nilikuwa nayo. Gari likiwa limelala usiku kucha ilisoma volti 12.2, wakati betri iliyojaa husoma kama 12.6. Injini ikiwaka ilipanda hadi 14.2, kwa hiyo alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, ilikuwa nzima. Shida ya voltimita ni kwamba inazijumlisha seli zote sita, yaani vyumba vya ndani ya betri, na moja ikiugua inajificha kati ya wenzake. Haidromita inazihoji moja moja.

Nikafungua vifuniko. Seli zote zilisoma karibu 1.190 (uzito ukilinganishwa na wa maji matupu, ambayo ni 1.000; chaji ikipanda, namba hupanda), hazikupishana. Hiyo ni kama nusu ya chaji. Ikijaa husoma kama 1.265 au zaidi kidogo. Seli moja ingebaki chini ya nyingine kwa 0.050 hata baada ya kuchaji, ningempa fundi haki yake. Kumbe betri ilikuwa na njaa tu. Safari zangu ni za dakika kumi kumi, alteneta haipati muda wa kurudisha kilicholiwa na stata. Na betri ya madini ya risasi kama hii ikikaa muda mrefu bila kujaa, chumvi iitwayo salfeti hugandamana kwenye bamba zake mpaka inakufa kweli.

Nikaichaji taratibu, ampea 4, usiku mzima, madirisha wazi kwa sababu inatoa haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka. Asubuhi seli zote 1.265. Hapo ndipo nikajaza maji hadi kwenye alama, yaliyokenekwa, si ya bomba wala asidi. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki. Mwaka uliopita nilijaza pomoni kabla ya kuchaji, yakafurika, vichwa vya betri vikaota unga mweupe. Niliusafisha kwa soda ya kuokea na maji, nikapaka vaselini. Ukifungua nyaya, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Kasoro za kifaa zipo. Kioo ni chembamba kama ganda la yai, na betri zilizozibwa kabisa hazipimiki. Usipime muda mfupi baada ya kuongeza maji, kwani yanakuwa hayajachanganyika na utasoma uongo. Halafu kinadondosha. Vaa miwani na nguo usiyoipenda: mimi nilipima nikiwa na suruali mpya, sikuona kitu, ila baada ya kuifua ikatoka na matundu manne pajani.

Napima mara moja kwa mwezi, na gari linawaka kwa mguso wa kwanza. Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile suruali.